Kifo na ahera katika michezo ya njozi ya kuigiza wahusika

Kifo na ahera, katika michezo ya njozi ya kuigiza wahusika, ni sehemu ya ulimwengu wa kubuni inayoamua mhusika akiuawa anakwenda wapi, anabaki na nini, na kama anaweza kurudi. Michezo hii huchezwa mezani na kikundi kidogo: kila mchezaji anamwendesha mhusika mmoja, naye msimamizi wa mchezo anaushika ulimwengu uliobaki, kuanzia hali ya hewa hadi miungu. Mfululizo wa vikao vinavyosimulia kisa kimoja huitwa kampeni, na huweza kudumu miaka. Wasimamizi wengi wakitaka kubuni ahera huanza na ramani: mto wa kuvukwa, lango, mlinzi wa lango, tabaka za moto. Makala haya yanashikilia kwamba huko ni kuanzia mwishoni. Cha kuamuliwa kwanza ni sharti la kurudi: nani anaweza kufufuliwa, kwa gharama gani, na nani anajua hivyo. Sharti hilo ndilo linalotengeneza sheria, mirathi, ibada na hofu za walio hai, na wahusika wa wachezaji, karibu muda wote wa kampeni, wanaishi miongoni mwa walio hai.

Historia ya mchezo wenyewe inaunga mkono hoja hii. Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin. Tangu vijitabu vile vya mwanzo makuhani walikuwa na uwezo wa kufufua, ilhali ramani ya ahera haikuwapo. Ramani ilikuja Julai 1977, Gygax alipochapisha katika jarida la The Dragon mpango wa malimwengu ya nje, kila moja likifungamana na msimamo wa kimaadili: wema au uovu, utaratibu au vurugu. Mwaka 1978 kitabu cha wachezaji kikakaza masharti. Anayefufuliwa alirusha dadu kuona kama mwili wake utastahimili, alipoteza alama moja ya ustahimilivu kila aliporudi, na hakuweza kurudi mara nyingi kuliko alama alizoanza nazo. Wahusika wa jamii ya elfi waliachwa nje ya uganga wa kawaida wa kufufua, na ilipofika 1980, katika Deities & Demigods, ndipo ikaelezwa kwamba elfi wana roho ya aina nyingine, tofauti na nafsi ya binadamu. Sheria ilitangulia, itikadi ikaja nyuma kuitolea sababu. Si aibu, ndivyo kazi hii inavyokwenda ikienda vizuri.

Toleo la 5, la mwaka 2014, linaonyesha jinsi sharti la kurudi linavyogeuka kuwa uchumi mzima hata pale kitabu kinapolitaja kama jambo dogo la kiufundi. Mhusika aliyeishiwa alama za uhai kwa kawaida hafi papo hapo. Kila zamu yake ikifika anarusha dadu yenye nyuso 20. Akipata 10 au zaidi amefaulu, chini ya hapo ameshindwa. Kufaulu mara 3 kunamtuliza, kushindwa mara 3 kunamuua. 1 huhesabiwa kushindwa mara 2, na 20 humwamsha akiwa na alama 1 ya uhai. Akishakufa, ngazi ya bei inaanza. Ndani ya dakika moja, almasi ya sarafu 300 za dhahabu inatosha. Ndani ya siku 10, ya 500. Ndani ya miaka 100, ya 1,000. Na kwa almasi za sarafu 25,000 anarudishwa hata aliyekufa miaka 200 iliyopita na mwili wake haupo tena. Almasi huteketea katika tendo lenyewe. Kitabu hichohicho kinasema kibarua asiye na ujuzi hulipwa sarafu 2 za fedha kwa siku, na 10 za fedha ni 1 ya dhahabu. Kwa hiyo ufufuo wa sarafu 500 ni ujira wa siku 2,500, karibu miaka 7 ya kibarua asiyekula wala kuvaa.

Hesabu hiyo ikishawekwa mezani, nusu ya ulimwengu inajibuni yenyewe. Kifo kinakuwa suala la tabaka: tajiri hufa kwa muda, maskini hufa moja kwa moja. Mirathi ya mfanyabiashara mkubwa haiwezi kufunguliwa kabla siku 10 hazijaisha, na mjane wake hajui kama anakaa eda au anamsubiri mume. Migodi ya almasi inalindwa kuliko ghala la silaha. Muuaji wa kukodiwa naye hubadilisha kazi yake, kwa kuwa uganga ule wa siku 10 haurudishi viungo vilivyokosekana, na maiti isiyo na kichwa haifufuki kwa uganga huo. Basi atakayeua mfalme ataondoka na kichwa. Kuna uganga mwingine unaomruhusu kuhani kuiuliza maiti maswali 5, mradi iwe bado na kinywa. Kichwa kikiondoka, ushahidi nao umeondoka. Msimamizi anayewaeleza wachezaji kwamba mfalme amekutwa kitandani bila kichwa amesema mengi kuhusu ahera bila kuitaja, na mchezaji aliyesoma kitabu ataelewa kwamba muuaji alijua alichokuwa akifanya.

Mfano wa kinyume uko katika Forgotten Realms, ulimwengu wa Ed Greenwood uliochapishwa na TSR kuanzia 1987. Huko, waliokufa bila kumwamini mungu yeyote walitiwa katika Ukuta wa Wasio na Imani, wakayeyuka humo polepole. Kama picha, inatisha kweli. Kama ubunifu, inaacha swali kubwa: katika nchi ambamo makuhani hutenda miujiza kila siku na adhabu hiyo inajulikana, nani angebaki bila imani? Ahera inayojulikana kwa yakini lazima iguse mwenendo wa sokoni na shambani, na huku haikugusa sana. Ukuta ulipata uzito pale tu ulipopewa mlango: mchezo wa kompyuta wa Mask of the Betrayer, wa mwaka 2007, uliufanya jambo ambalo mhusika mkuu anahusika nalo na anaweza kulipinga. Mwaka 2020 wachapishaji waliiondoa sentensi inayoutaja katika kitabu chao cha 2015 kuhusu ulimwengu huo, na kampeni zilizoendelea hazikuhitaji kubadilisha chochote.

Waliofanikiwa zaidi walianza na sharti. Glorantha, ulimwengu wa Greg Stafford uliotumika katika RuneQuest tangu 1978, una kisasili ambamo kifo hakikuwapo hadi kilipopatikana kama silaha, na Humakt ndiye mungu wake. Wafuasi wa Humakt wamekatazwa kufufuliwa. Katazo hilo moja linamfanya askari wao atofautiane na kila askari mwingine uwanjani. Ulimwengu wa Eberron wa Keith Baker, wa mwaka 2004, ulichagua njia ya giza: roho huenda Dolurrh na kupoteza kumbukumbu kidogo kidogo, na iwapo huo ni mwisho au ni kizingiti cha pengine, dini za huko hazikubaliani. Muda ndio unakuwa gharama, kwa sababu anayechelewa kuitwa ana kidogo cha kurudi nacho.

Kumbukumbu ina nguvu nyingine ikiwekwa upande wa walio hai. Mwanatheolojia wa Kenya John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba marehemu hubaki karibu na jamaa zake maadamu wapo wanaomjua kwa jina, vizazi vinne au vitano hivi, kisha huzama katika wakati wa mbali aliouita Zamani. Mbiti alikosolewa kwa kuzitia jamii nyingi mno katika kapu moja, na mbunifu asiyachukue maelezo yake kama picha ya kabila lolote mahususi. Lakini kama sharti la mchezo yanafaa sana: mzee wa ukoo aliyekufa anaweza kuulizwa, kukasirika, kubariki safari, hadi siku mtu wa mwisho anayemjua kwa jina atakapofariki. Hapo wachezaji wana sababu ya kumlinda bibi kizee kijijini kuliko kulinda hazina.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni kwamba sharti kali humwadhibu mchezaji, aliyefunga safari ya jioni akaishia kutazama wenzake wakicheza. Malalamiko ni ya haki, ila yanachanganya kifo cha mhusika na ukimya wa mchezaji. Matthew Mercer, alipokuwa msimamizi wa mchezo katika kipindi cha Critical Role, aliweka ibada ya kufufua ambamo wenzi wa marehemu hujitokeza kutoa neno au tendo la kumvuta arudi, na kila ufufuo uliofaulu huufanya unaofuata uwe mgumu zaidi. Meza nzima inashughulika. Mchezo wa Wraith: The Oblivion, wa mwaka 1994, ulikwenda mbali zaidi: wahusika wote wamekwisha kufa, na upande wa giza wa kila mmoja huchezwa na mchezaji mwingine. Pingamizi la pili, kwamba sheria huua fumbo, lina jibu katika Eberron: mlango wa kurudi unaweza kupimwa kwa siku na dhahabu, na bado kilicho nyuma ya mlango kisijulikane. La tatu ni zito zaidi. Wako wanaocheza ambao ahera kwao ni imani wala si njozi, na kuwafanyia mizaha ya hukumu na pepo bila kuwauliza ni utovu wa adabu. Hilo huzungumzwa kabla ya kikao cha kwanza, na kuanza na sharti hurahisisha mazungumzo, kwani bei ya almasi haimkwazi mtu kama inavyoweza kumkwaza picha ya moto wa milele.

Jaribio kamili la hoja hii lilichapishwa mwaka 2017. Kampeni iitwayo Tomb of Annihilation haiongezi tabaka jipya la kuzimu; inachofanya ni kuliondoa sharti la kurudi. Laana inaenea duniani, roho za wanaokufa zinanaswa na mtambo uliofichwa katika misitu ya Chult ya Forgotten Realms, na ufufuo haufanyi kazi tena. Waliowahi kufufuliwa zamani wanaanza kuoza wangali hai, hivyo pigo linaanzia kwa wale walioweza kununua almasi. Anayewatuma wachezaji safarini ni mmoja wao, mchawi tajiri aliyerudishwa kutoka kifoni miaka ya nyuma, ambaye sasa anadhoofika kila siku inayopita.