Mtwara: Mji Uliongoja Mara Mbili

Ndugu wanafunzi wa Tunduma, Vwawa na Mlowo, leo tutasafiri hadi pwani ya kusini. Watu wengi huuliza kama bei za nyumba na viwanja huko pwani zitaanguka. Mji wa Mtwara umekwisha kuyaona hayo.

Mwaka 1947 Serikali ya Waingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika. Sehemu moja ya mashamba ilikuwa Nachingwea. Karanga hazifiki Ulaya bila bandari. Basi Mtwara, penye maji ya kina kirefu, pakapimwa mji mpya, ikajengwa reli na gati. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Gati likamalizika mwaka 1954, karanga hakuna! Baadaye hata reli iling'olewa. Mji ukabaki na barabara pana na watu wachache.

Ikapita kama miaka 60. Kuanzia mwaka 2010 gesi nyingi iligunduliwa chini ya bahari ya kusini. Makampuni yakaja, wageni wakataka nyumba, kodi ikapanda. Mwenye kiwanja hakukubali tena bei ya jana. Kisha mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ikaanguka, na kazi ya kutafuta gesi ikapungua. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokwisha mwaka 2015, mafundi wake nao wakaondoka. Vyumba vikakosa wapangaji.

Sasa chukueni kalamu. Tuseme mtu amejenga nyumba kwa shilingi 30,000,000. Kodi ikiwa shilingi 300,000 kwa mwezi, fedha yake itarudi kwa miezi 100. Ikishuka hadi 100,000, ni miezi 300, yaani miaka 25. Wala hatujahesabu riba ya mkopo.

Je, pwani yote itaanguka? Mimi sioni hivyo. Dar es Salaam ina bandari, viwanda na watu wa kila kazi. Mtwara ina korosho, lakini bei zile za nyumba zilisimama juu ya gesi.

Na Tunduma? Hapo kwenu pana forodha, reli ya TAZARA na malori ya Zambia na Kongo. Dereva anayengoja hulala, hula, hununua. Tangu mwaka 2019 maofisa wa nchi mbili hukagua pamoja, na lori husimama upande mmoja tu wa mpaka, ili lipite upesi. Jadilianeni darasani: dereva asipolala Tunduma, vyumba vyenu atapanga nani?