Jaa la Gonja

Neno jaa halina heshima kubwa katika lugha yetu. Kitu kikisemwa kuwa kimeokotwa jaani, sifa yake imekwisha. Lakini mwandishi wa historia ya Upare hana budi kuliheshimu, maana ushahidi wake mwingi umetoka huko huko.

Gonja Maore iko chini ya milima ya Upare Kusini, upande wa mashariki, katika wilaya ya Same. Mwaka 1967 Robert Soper alichapisha habari za vigae vya huko, na vyungu vya namna ile vikaitwa kwa jina la Maore. Pale Bombo Kaburi, katika Upare huo huo, vilipatikana vigae vikongwe zaidi, vya karne ya 3 hivi. Baadaye Jonathan Walz alichimba Gonja na kukuta, miongoni mwa takataka za kale, makombe ya baharini. Nayo bahari iko mbali, zaidi ya kilomita 100! Sisi wa pwani, tuliozoea kuanza habari za bara na misafara ya karne ya 19, yatupasa kuona haya kidogo.

Mwaka 1969 Isaria Kimambo alitoa historia ya siasa za Wapare, aliyoijenga juu ya masimulizi ya wazee: Washana wafua chuma wa Ugweno, na Wasuya waliowapokonya utawala. Masimulizi hutunza majina ya watawala. Chungu kilichovunjika jikoni hakimo, wala mavi ya chuma yaliyomwagwa kando ya tanuri. Hayo yalitunzwa na ardhi, bila kuombwa.

Nyumba ya miti na udongo ikibomolewa, kifusi chake hurudi kuwa shamba, na maganda ya jikoni huishia migombani. Saruji, vioo na plastiki havina njia hiyo, hungoja lori. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa taka hizo ngumu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa upande wake, hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kigae cha Maore kikiibuka katika msingi wa nyumba mpya, kinaangukia sheria ipi? Kwa karatasi, ya pili. Kwa kweli, inategemea mwenye koleo, naye analipwa kwa kina cha shimo.