Mikono Minne, Jina Moja

Wimbi kubwa la Kanagawa, lenye povu mfano wa makucha na mlima Fuji ukiwa mdogo nyuma yake, limezunguka dunia likibeba jina la mtu mmoja: Katsushika Hokusai (1760–1849). Jina hilo ni haki yake. Lakini wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa, na picha ile haikutoka katika mkono mmoja.

Katika mji wa Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, picha ya chapa ya mbao ilikuwa kazi ya watu wanne. Mchapishaji alitoa mtaji na kukisia soko. Nishimuraya Yohachi ndiye aliyetoa mandhari za Fuji za Hokusai, zilizoanza kutoka mwaka 1830 hivi na kufikia picha 46. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Mkata nakshi aliibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akaichonga pamoja na ubao. Mchoro wa asili ukafa ili picha izaliwe. Mwisho, mpiga chapa alipaka rangi, akalaza karatasi yenye unyevu, akaisugua mgongoni kwa mkono. Anga la Utagawa Hiroshige (1797–1858), linalokolea juu na kufifia likishuka, lilipatikana kwa mpiga chapa kuipangusa rangi ubaoni, nakala baada ya nakala. Majina ya wengi wa mafundi hao yamepotea.

Mwaka 1904 Yamamoto Kanae alitoa katika Myojo, jarida la mashairi, picha ya mvuvi aliyoichora, akaichonga na kuipiga chapa mwenyewe. Waliomfuata walishikilia kwamba sanaa ya kweli hutoka katika moyo na mkono wa mtu mmoja. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, lakini mchapishaji Watanabe Shozaburo alishika njia nyingine: aliikusanya upya ile mikono minne. Mwaka 1918 akajiunga naye Kawase Hasui (1883–1957), mchoraji wa theluji, mvua na usiku wa mbalamwezi.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la ardhi na moto viliiangamiza Tokyo. Duka la Watanabe liliteketea pamoja na mbao na picha zake. Hasui akapoteza madaftari yake ya michoro. Hata hivyo alifunga safari ndefu kuizunguka nchi, akachora upya. Mwaka 1925 ikatoka picha ya hekalu la Zojoji: lango jekundu, theluji inayopeperuka, na mwanamke aliyejikunyata nyuma ya mwavuli. Mbao zilikuwa zimeungua. Ujuzi, uliogawanyika katika mikono ya wengi, ulisalimika.

Mwaka 1953 Hasui alilirudia hekalu hilo kwa agizo la kamati ya serikali ya kuhifadhi utamaduni. Safari hii hatua za kazi ziliwekwa kumbukumbu, ya mkata nakshi na ya mpiga chapa pia. Heshima hiyo ilichelewa, ila ilifika. Aitazamaye theluji ya Zojoji na asome sahihi ya Hasui, kisha akumbuke kuwa weupe ule ni karatasi tupu, ambayo mafundi wawili walijua pa kutoigusa.