Wazazi na Walimu katika Nchi ya Lindi

Mtu atakaye kujua jinsi wazazi wa Nyangamara, na wa vijiji vingine vya bara ya Lindi, walivyoshirikiana na walimu katika malezi ya watoto wao, asianze na kamati za shule zilizowekwa kwa sheria, bali arudi nyuma hata zama ambapo pwani yote, tangu Kilwa mpaka Lindi, mtoto alipelekwa chuoni na babaye mwenyewe, akakabidhiwa kwa mwalimu kwa maneno ya taadhima, na siku alipohitimu Kurani wazazi wakafanya karamu na kumtunza mwalimu. Mwalimu yule alikuwa jirani yao, na mzazi mwenye neno alimwendea barazani kwake.

Shule za misheni na za serikali zilipoingia, mashauri hayo yalikatika, na palipouma zaidi ni katika jando na unyago. Kwani Wamwera, Wamakonde na Wamakua hawakumhesabu mtoto kuwa amelelewa asipopita huko, ilhali mafunzo yale yalimtenga na darasa kwa majuma mengi. Wamisionari aghalabu walikataza. Lakini huko Masasi, Padre Vincent Lucas wa misheni ya UMCA, ambaye mwaka 1926 alifanywa askofu wa Masasi, alishika njia nyingine: kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alikubali jando lifanywe, akashauriana na wazee, akaingiza sala za Kikristo mahali pa matambiko. Kwa wasichana haikuwa rahisi vile, maana unyago ulikuwa mikononi mwa wanawake, nao hawakuwa tayari kuwakabidhi mapadre siri zao. Kwa rai yangu, shauri lile la Masasi, pamoja na upungufu wake, ni asili ya mambo mema yaliyofuata, kwa kuwa mlezi wa shule alimwendea mlezi wa nyumbani akamwuliza kabla ya kuamuru.

Mwaka 1955 wazazi wenyewe waliunda chama chao cha Tanganyika, TAPA, kilichoshikamana na TANU, wakajenga shule kwa nguvu zao pale ambapo serikali ya kikoloni haikujenga. Baada ya uhuru likaja Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto asome, na vijiji vikafyatua matofali na kuezeka madarasa kwa msaragambo; na Sheria ya Elimu ya 1978 ikazipa kamati za shule mahali pake. Ila katika miaka iliyofuata mzazi alizoea kuitwa shuleni kwa ajili ya mchango tu, hata ada na michango ya lazima ilipoondolewa, kuanzia Januari 2016, wengi wakadhani wito wenyewe umekwisha, na sufuria za uji katika shule nyingi zikapoa.

Mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofika pia Lindi, ulijaribu kuufufua ushirikiano huo kwa kuwakutanisha wazazi na walimu. Faida yake huonekana pale ambapo mwalimu mkuu hufungua daftari mbele ya wote, na mama mmoja huweza kusimama akauliza, "Mwalimu, mahindi tuliyoleta madebe sita, mbona hapa yameandikwa matano?" na akajibiwa kwa heshima. Shule yenye kikao cha namna hiyo hupata kuni na mahindi bila kushurutisha mtu, na ngoma za unyago hupangwa katika likizo, binti akarudi darasani shule zinapofunguliwa.

Basi walimu wakuu wa Nyangamara na wa Mtama nzima nawasihi waite vikao vyao mapema, kabla ya msimu wa korosho, wakati wazazi hawajatawanyika mashambani na watoto kuachwa kwa bibi zao, na wawaite bibi hao pia.