AEFI: tukio baada ya kuchanjwa

Katika kliniki za watoto za Kisii na Nyamira, kuanzia hospitali ya rufaa mjini Kisii hadi vituo vya Kenyenya na Ekerenyo, kuna fomu inayoitwa kwa herufi nne: AEFI. Wauguzi huzitamka moja moja kwa Kiingereza. Mama aliyerudi na mtoto mwenye homa, siku mbili baada ya sindano za wiki ya sita, anaiona ikijazwa na kuuliza swali la haki kabisa: je, ni sindano iliyomfanya hivi? Fomu haina jibu, wala haikutungwa ili itoe jibu. Inataka kujua kimetokea nini na lini. Sababu yake itatafutwa baadaye, na watu wengine. Tafsiri nyingi za Kiswahili huruka hatua hiyo na kutoa hukumu papo hapo, na ndiyo maana istilahi hii inahitaji kushughulikiwa kwa makini.

Shirika la Afya Duniani linaieleza AEFI (adverse event following immunization) kuwa ni jambo lolote baya la kiafya linalompata mtu baada ya kuchanjwa, na ambalo si lazima liwe limesababishwa na chanjo. Linaweza kuwa dalili, ugonjwa kamili, au hata kipimo cha maabara kisicho cha kawaida. Nusu ya pili ya maelezo hayo ndiyo roho yake. Ukiiondoa, unabaki na kitu kingine kabisa.

Magazetini na kwenye baraza za chifu, kinachosikika zaidi ni "madhara ya chanjo", na mara nyingine "athari za chanjo". Yote mawili yanafungwa na kiunganishi kimoja kidogo, "ya" au "za", ambacho tayari kimemtaja mwenye kosa. Madhara ya pombe husababishwa na pombe. Madhara ya mafuriko huletwa na mafuriko. Msikilizaji wa Kiswahili hana njia ya kulielewa neno hilo vingine. "Matukio yatokanayo na chanjo" yanasikika ya kitaalamu zaidi, lakini yana kasoro ile ile, kwa kuwa kutokana ni kusababishwa. Tanzania wana neno zuri, "maudhi madogo madogo", na ningependa livuke mpaka lije kwetu litumike kwa yale tu linayoyafaa: homa ya usiku mmoja, paja lililovimba, kulialia, kidonda kidogo kwenye mkono wa kushoto wiki chache baada ya chanjo ya kifua kikuu, ambacho hupona chenyewe na kuacha kovu. Hayo yanatarajiwa, na mama anastahili kuambiwa mapema. Lakini mtoto aliyelazwa hospitalini hajapata maudhi.

Pendekezo langu ni "tukio baada ya kuchanjwa". Kila neno lina kazi yake.

"Tukio" halimshtaki yeyote. "Baada ya" linataja wakati peke yake, na hapa Gusii tofauti ya wakati na sababu inaweza kuamua uhai wa mtoto. Mji wa Kisii uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Malaria haikai huku mwaka mzima kama inavyokaa kando ya Ziwa Viktoria. Huja kwa mikupuo, hasa kati ya Mei na Julai, mvua ndefu zinapopungua, na huwakuta watu ambao miili yao haijaizoea. Sasa mchukue mtoto aliyechanjwa Jumatatu ya mwezi Juni, akapata homa Jumatano. Chanjo ya wiki ya sita inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na Hib huleta homa kwa watoto wengi, hadi nusu yao, na homa hiyo hutulia ndani ya siku moja au mbili. Malaria pia huanza kwa homa. Nyumbani kwake wakishaamini kwamba "ni ya sindano", wanampa dawa ya kutuliza joto na kungoja. Siku ya nne anapelekwa hospitali akiwa amelegea. Neno lililotaja sababu kabla ya kipimo limechangia kumchelewesha.

Kuna pia hesabu ambayo haina budi kuelezwa wazi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 32 hufariki kabla ya kutimiza mwaka, na 21 kati yao hufariki katika mwezi wa kwanza. Wanaobaki ni 11, wanaofariki kati ya mwezi mmoja na mwaka mmoja. Katika miezi hiyo hiyo mtoto hupelekwa kliniki wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha mwezi wa 9 kwa chanjo ya surua na rubela. Hata chanjo zote zingekuwa maji matupu, baadhi ya vifo hivyo vingeangukia siku chache baada ya kliniki, kwa mpangilio wa kalenda tu. Kampeni kubwa zinapofanywa, mkutano huo wa tarehe huonekana zaidi. Kampeni ya taifa ya surua, rubela na homa ya matumbo iliyofanywa tarehe 5 hadi 14 Julai 2025 iliwalenga watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, mamilioni yao kwa siku kumi, na kwa kaunti zetu mbili ilikuja wakati ule ule wa baridi, vikohozi na malaria ya nyanda za juu.

Sisemi haya ili kila tukio litupwe kwenye kapu la kalenda. Baadhi ya matukio husababishwa kweli na chanjo, na yalijulikana kwa sababu watu waliripoti. Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza ya virusi vya rota, RotaShield, Agosti 1998. Kufikia Julai mwaka uliofuata mfumo wao wa kuripoti ulikuwa umepokea taarifa 15 za watoto ambao sehemu ya utumbo iliingia ndani ya utumbo wenyewe. Taarifa 15 tu, katika nchi kubwa namna ile. Utoaji ukasitishwa, uchunguzi ukafanywa, na Oktoba 1999 chanjo ikaondolewa sokoni. Ile iliyoanza kutolewa Kenya Julai 2014 ni ya aina nyingine, na haikuaminiwa kwa maneno matupu: utafiti uliofanywa katika nchi saba za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, ukachapishwa 2018, ulitafuta tatizo lile lile la utumbo na haukuona ongezeko la hatari.

Majirani zetu wana mfano wa upande wa pili. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Septemba 2019 huko Homa Bay na kaunti nyingine saba za magharibi. Kisii na Nyamira hazikuwamo, ingawa Homa Bay inapakana nazo zote mbili. Majaribio ya awali, ambayo Siaya, Kombewa na Kilifi vilikuwa miongoni mwa vituo vyake, yalikuwa yameacha maswali mazito: homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa baadhi ya watoto waliochanjwa, hali kadhalika malaria ya ubongo, na vifo vya wasichana vilionekana vingi kuliko ilivyotarajiwa. Wataalamu wangeweza kuyaita madhara na kuifuta chanjo, au kuyaita bahati mbaya na kuendelea kama kawaida. Waliyaita matukio, wakayafuatilia kwa idadi kubwa ya watoto Kenya, Ghana na Malawi, wakakuta hayahusiani na chanjo. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike kwa upana.

Sasa neno la mwisho, "kuchanjwa", ambalo nadhani wengi wangeliacha na kuweka "chanjo" kwa kuwa ni fupi. Kiswahili kimelipa neno chanjo mizigo miwili: dawa iliyo ndani ya kichupa, na kitendo cha kuitoa. Istilahi ya asili inazungumzia kitendo. Ndiyo maana wataalamu hupanga matukio haya katika mafungu matano: linalotokana na chanjo yenyewe kwa tabia yake, linalotokana na kasoro ya kiwandani, linalotokana na kosa katika kuhifadhi, kuchanganya au kudunga, linalotokana na hofu ya sindano, na lililotokea kwa sadfa. Matatu ya mwisho hayatokani na dawa iliyotengenezwa. Tukisema "baada ya chanjo", sikio linakimbilia kichupa na kuusahau mkono.

Mwaka 2017, katika kijiji kimoja cha Kapoeta Mashariki, Sudan Kusini, watoto 15 walifariki baada ya kampeni ya surua. Uchunguzi haukuona kosa katika chanjo yenyewe. Bomba moja la kuchanganyia dawa lilitumika tena na tena kwa siku nne, dawa haikuwekwa kwenye baridi, na miongoni mwa waliokuwa wakidunga walikuwamo watoto wa miaka 12. Kilichoua ni maambukizi makali ya damu. Angalia chanjo ya surua inavyofika kliniki: unga mkavu kwenye kichupa kimoja, maji yake maalumu kwenye kingine. Ikishachanganywa haina budi kutumika ndani ya saa sita, kisha imwagwe hata kama imebaki. Kwenye kifuniko cha kichupa cha chanjo kuna duara dogo lenye mraba ndani. Joto likizidi, mraba unakuwa mweusi polepole, na rangi yake ikilingana na ya duara, kichupa hicho hakitumiki tena. Fomu ya AEFI inauliza namba ya bechi ya chanjo, namba ya bechi ya maji, na saa vilipochanganywa. Maswali hayo ni ya kitendo.

Fungu la hofu nalo ni la kweli. Wasichana wa miaka 10 waliopangwa foleni shuleni kwa chanjo ya HPV, iliyoanza Kenya Oktoba 2019, wanaweza kuzirai mmoja baada ya mwingine kwa kumwona wa mbele akianguka. Hawajifanyi. Mwili umeitikia woga, na huduma yao ni kulazwa chini, kupewa hewa na kutulizwa.

Najua pingamizi la wauguzi: neno "kuchanjwa" linaelekeza kidole kwao. Wengi tayari huiona fomu kama ungamo, na katika dispensari yenye muuguzi mmoja anayechanja, anayepima na anayezalisha, haishangazi ikikaa bila kujazwa. Hofu hiyo haimalizwi na istilahi peke yake; wasimamizi wa kaunti wana wajibu wa kuhakikisha anayeripoti haadhibiwi kwa kuripoti. Hata hivyo "madhara ya chanjo" linamtisha muuguzi zaidi, maana anayeandika madhara anakiri jambo ambalo hana uwezo wa kulijua. Anayeandika tukio anataja alichokiona. Fomu yake hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha kwa Mpango wa Taifa wa Chanjo na Bodi ya Dawa na Sumu. Kenya ilijiunga na mtandao wa kimataifa wa ufuatiliaji wa usalama wa dawa mwaka 2010, na taarifa zake hufika Uppsala, Sweden, ambako hulinganishwa na za dunia nzima. Mwananchi pia anaruhusiwa kuripoti mwenyewe kwa Bodi kupitia mtandao.

Ushauri rasmi wa serikali unategemea neno hili kuliko tunavyodhani. Juni 17, 2021, Kisii na Nyamira ziliwekwa miongoni mwa kaunti 13 za magharibi na bonde la ufa zilizofungiwa kafyu ya saa moja jioni kwa sababu ya Korona. Miezi miwili tu kabla yake, tarehe 7 Aprili, mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikuwa imetangaza kwamba kuganda damu kusiko kwa kawaida kuwekwe kwenye orodha ya madhara nadra sana ya AstraZeneca, chanjo ile ile tuliyokuwa tukidungwa hapa. Hapo neno "madhara" lilikuwa limestahili, kwa kuwa uchunguzi ulikuwa umefanyika. Mtu wa Marani aliyesikia habari hizo redioni hakusaidiwa na "chanjo ni salama" peke yake. Alihitaji kuambiwa kwamba jambo hilo hutokea kwa wachache mno, na kwamba akipata maumivu makali ya kichwa yasiyokoma, kukosa pumzi, maumivu ya kifua au ya tumbo yasiyoisha, mguu kuvimba, au vidoa vya damu chini ya ngozi mbali na alipodungwa, aende hospitali upesi. Egesa FM na Minto FM zinaweza kuyasema hayo kwa Ekegusii kwa muda mfupi sana.

Limebaki neno moja linalonisumbua, nalo ni "sadfa". Katika orodha ya mafungu matano ni sahihi. Kwa mzazi aliyefiwa ni katili, kwa sababu linasikika kama kumwambia kwamba mtoto wake alikufa bila sababu yoyote. Sipendi litumike mbele yake. Tukio hilo lilikuwa na sababu, ila haikuwa chanjo, na anayempelekea majibu ya uchunguzi autaje ugonjwa kwa jina: ilikuwa malaria, ilikuwa nimonia, kipimo kilionyesha hivi, na chanjo ya bechi hii ilikaguliwa. Kama kamati ya wataalamu ilishindwa kuamua, na mara nyingine hushindwa, aambiwe hivyo hivyo, kwa Ekegusii ikibidi, na abaki na nakala ya fomu mkononi.