Kupanga na Kuteua

Chukua silabi tatu: ka, ta, na. Nafasi ya kwanza inaweza kushikwa na yoyote kati ya hizo. Ikishajazwa, za kugombea nafasi ya pili zimebaki mbili, na ya tatu inabakiwa na moja. 3 × 2 × 1 ni 6: katana, kanata, takana, tanaka, nakata, nataka. Nataka na nakata tunazisema kila siku. Zilizobaki husikika kwa nadra au hazisikiki kabisa, lakini hesabu inazidai zote.

Hesabu hii aliifanya mtunzi wa kamusi. Katika karne ya 8, al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, mwanazuoni mwenye asili ya Omani aliyeishi Basra, alitaka kuyakusanya maneno ya Kiarabu bila kuliacha hata moja. Akazigeuzageuza herufi za mizizi: herufi mbili hutoa sura 2, tatu 6, nne 24, tano 120. Kisha akatenga zinazotumika na zilizoachwa. Ndiye pia aliyeweka misingi ya arudhi, yaani elimu ya mizani ya mashairi, neno ambalo washairi wetu wanalo mdomoni hadi leo.

Kwa hesabu hii sisi tuna neno mpangilio, nami nalipenda kwa sababu ndani yake mna kitenzi kupanga, ambacho hata mtoto anakijua. Tunapanga foleni, na kwenye foleni nani katangulia ni jambo la kugombewa. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma hisabati kwa Kiswahili shule ya msingi huikuta mada hii sekondari kwa Kiingereza. Mara nyingi hukariri kanuni pamoja na ile alama ya mshangao aliyoianzisha Christian Kramp mwaka 1808, asitambue kwamba 6! ni idadi tu ya njia za kupanga vitu sita kwenye mstari mmoja.

Tabu iko kwa ndugu wa mpangilio, hesabu ya kuchagua baadhi ya vitu bila kujali kipi kinatangulia. Wapo wanaoiita mchanganyiko, na hapo sikubaliani nao kabisa. Kuchanganya ni kutia vyote pamoja. Hesabu hii hutwaa baadhi na kuacha vingine. Jina lake ni uteuzi.

Tazama kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 10. Wakitaka mwenyekiti, katibu na mweka hazina, njia ni 10 × 9 × 8, yaani 720, kwa kuwa kumpa Asha uenyekiti si sawa na kumpa ukatibu. Wakitaka watu watatu tu wa kwenda benki kufungua akaunti, Asha, Juma na Neema ni walewale hata ukianza kumtaja Neema. Kila watatu wamehesabiwa mara 6 ndani ya ile 720. Gawanya, unapata 120. Herufi za KATANA nazo zina mkondo huohuo: ni sita, lakini A tatu hazitofautiani, basi 6!, ambayo nayo ni 720, igawanye kwa 6, unapata mipangilio 120.

Mwalimu, kabla ya kuandika kanuni ubaoni, uliza kwa Kiswahili: hapa tunapanga au tunateua? Nanyi waandishi wa vitabu, shikeni mpangilio na uteuzi, msiyabadilishe kila toleo jipya linapotoka.