Mwandishi, Nyumba na Uhamisho: Kalamu ya Shaaban Robert, 1926–1962

Historia ya fasihi ya Kiswahili katika karne ya 20 aghalabu imeandikwa kama historia ya vitabu. Kitabu hutajwa, mwaka wa kuchapishwa hutajwa, maudhui huchambuliwa, kisha mchambuzi hukiendea kitabu kingine. Nyumba ambamo kitabu kiliandikwa haitajwi sana, wala saa zilizopatikana za kukiandika, wala watu waliolishwa kwa mshahara wa mwandishi ilhali kitabu hakijampa hata senti. Makala hii inachunguza jambo hilo katika maisha ya Shaaban Robert, mtu ambaye kwa miaka 34 alikuwa karani wa serikali, baba wa watoto, na mtunzi wa hadithi na mashairi kwa wakati mmoja, na ambaye kazi yake ya ukarani ilimhamisha kutoka kituo hata kituo.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kusini ya mji wa Tanga, mwaka 1909. Alisoma Msimbazi, Dar es Salaam, tangu 1922 hata 1926, na mwaka huohuo wa 1926 akaingia katika Idara ya Forodha. Huko alidumu mpaka 1944, na sehemu kubwa ya utumishi wake wa forodha inafungamana na jina la Pangani. Mwaka 1944 alihamishiwa Idara ya Wanyama, akaenda Mpwapwa katika nchi ya Ugogo. Mwaka 1946 alirejea Tanga kuwa karani katika ofisi ya utawala, na tangu 1952 hata 1960 alifanya kazi katika Ofisi ya Kupima Nchi, mjini humohumo. Alistaafu mwaka 1960, akafariki Juni 1962. Basi katika maisha yake yote ya utu uzima, miaka ambayo hakufungwa na kazi ya ofisi haikutimia mitatu.

Hesabu hiyo yapasa kukumbukwa kila ajapo mtu kuuliza kwa nini vitabu vyake vina umbo vilivyo nalo. Karani wa zama za Waingereza hakuwa mtu wa kujipangia siku yake. Asubuhi na alasiri zilikuwa mali ya serikali. Kilichobaki ni usiku, siku za mapumziko, na likizo. Katika saa hizo chache palikuwa pia na mke, watoto, wageni, wagonjwa, misiba na ndugu wa mbali, kwa maana mwenye mshahara katika ukoo hakuwa mtu wa peke yake. Mtu wa namna hii, akitaka kuandika, hana budi kuchagua umbo linalovumilia kukatizwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Kazi zake za mwanzo zilizosomwa na watu wengi zilikuwa mashairi yaliyotokea katika gazeti la Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa mwaka 1923. Shairi hutungwa kichwani mtu akiwa njiani kwenda kazini, likaandikwa jioni, likatiwa katika bahasha, likasafiri kwa posta hata kama mwenyewe yumo katika kufunga mizigo. Hata Utenzi wa Vita vya Uhuru, utungo wa beti zipatazo 3,000 uliofuata mwendo wa vita vya 1939–1945, kwa urefu wake wote ni kazi inayoweza kukuzwa ubeti kwa ubeti. Mtunzi akilala na kuamka, au akihama kutoka pwani kwenda bara, anaushika utenzi pale alipouachia, kwa kuwa bahari ya vina inamngoja palepale.

Umbo la hadithi zake nalo lina dalili hiyohiyo. Kusadikika, kitabu kilichochapishwa mwaka 1951, kimejengwa juu ya mashtaka ya mtu mmoja, Karama, mbele ya mfalme. Lakini ndani ya mashtaka hayo mna safari za wajumbe sita, kila mmoja akienda upande wake, akarudi na habari za manufaa, akatiwa kifungoni badala ya kutuzwa. Kila safari ni hadithi kamili. Mwandishi aweza kuimaliza moja, akaweka kalamu, na baada ya juma kadhaa akaanza nyingine pasipo kupoteza uzi. Wachambuzi wamelihusisha umbo hilo na hadithi za kimapokeo za Mashariki, na hapana shaka wana haki. Lakini mapokeo humpa mwandishi maumbo mengi, na maisha humfanya achague moja. Msimulizi wa kale alikatiza hadithi kwa kuwa usiku umekwisha. Karani wa Tanga alikatiza yake kwa sababu ileile.

Uhamisho wa 1944 unastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndio uliomtoa mwandishi huyu katika mwambao. Mtu aliyezoea Tanga na Pangani, miji ya bahari yenye jamaa zake, lugha yake na misikiti yake, alipelekwa Mpwapwa, mahali pa ng'ombe, ukame na lugha ya Kigogo. Njia yenyewe haikuwa nyepesi. Reli ya Tanga na Reli ya Kati zilikuwa bado hazijaunganishwa. Kiungo cha Ruvu na Mnyusi kilifunguliwa mwaka 1963 tu, mwandishi akiwa kaburini. Mwenye kuhama na nyumba yake kutoka pwani ya kaskazini alikuwa hana budi kuunganisha njia kwa njia, wakati vita vimefanya mafuta, nguo na vyakula kuwa vitu vya kugawiwa. Katika mizigo ya safari kama hiyo miswada hushindana na vyungu, mikeka na nguo za watoto, na mwenye nyumba yeyote ajua ni kipi hutangulia kupakiwa.

Uhamisho huo ulimpa nini, na ulimnyang'anya nini? Kwa upande wa lugha, jibu laweza kujaribiwa. Shaaban Robert hakuandika Kimtang'ata wala Kimvita. Aliandika Kiswahili ambacho msomaji wa Tabora au Dodoma aliweza kukifuata bila ya mfasiri, ijapokuwa kimejaa msamiati wa adabu ya pwani. Usanifishaji uliofanywa na Kamati ya Lugha, iliyoanzishwa mwaka 1930, ni sababu moja. Maisha ya ofisi ni sababu ya pili, kwa maana karani wa serikali alikuwa mtu wa kusemezana kila siku na watu waliotoka pande zote za nchi. Kwa mwanaisimu, kituo cha bara kilikuwa shule ya lugha ambayo mwandishi asingeipata kama angalikaa Vibambani maisha yake yote.

Kwa upande wa vitabu, hesabu inaelekea kwingine. Pambo la Lugha lilitoka mwaka 1947, Maisha Yangu na Mwafrika Aimba mwaka 1949, Kusadikika mwaka 1951, Adili na Nduguze na Marudi Mema mwaka 1952. Mfululizo huu wote unafuata marejeo ya Tanga ya mwaka 1946. Yumkini mtu akasema mara moja kwamba kutulia nyumbani ndiko kulikozaa vitabu. Kauli hiyo haina budi kupunguzwa makali. Baada ya vita karatasi ilianza kupatikana tena, na mwaka 1948 iliundwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki iliyotafuta waandishi na wachapishaji. Isitoshe, mwaka wa kuchapishwa si mwaka wa kuandikwa. Kufikirika, iliyoandikwa katika miaka hiyohiyo ya baada ya vita, haikuchapishwa mpaka 1967. Lililo salama kusemwa ni hili: miaka ya kuhamahama ilikusanya mali, na miaka ya kutulia iliipanga. Kitabu chataka meza isiyohamishwa, na pia chataka mtu wa posta ajue mwandishi anakaa wapi, kwa kuwa wachapishaji wake walikuwa London na Johannesburg.

Familia haikuwa kizuizi tu cha kalamu hiyo. Ilikuwa pia chanzo chake. Mkewe Amina alipofariki, maombolezo yakawa shairi linalojulikana na wanafunzi wengi kuliko hadithi zake nyingi. Utenzi wa Hati uliandikwa kwa ajili ya binti yake, Mwanjaa, na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe, Suleiman. Tenzi hizo mbili hufundishwa leo kama mfano wa fasihi ya maadili, na ndivyo zilivyo. Lakini zilianza kama kazi ya baba. Mtu asiyekuwa na mali ya kurithisha, na ambaye amri moja ya uhamisho yaweza kumtenga na wanawe, aliwaachia maneno yenye vina ili yashikwe kwa moyo. Wasia wa namna hii hauibiwi, wala haupotei katika kufungasha. Utenzi wa wasia kwa mtoto ni desturi ya kale ya mwambao. Jipya ni kwamba hapa uliwekwa ndani ya kitabu cha wasifu, Maisha Yangu, kando ya habari za kazi na safari, kana kwamba malezi nayo ni sehemu ya utumishi.

Ushahidi mwingine ni barua. Barua alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, tangu 1931 hata 1958, zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Thamani yake kwa mwanahistoria ni kwamba hazikuandikwa kwa ajili ya wasomaji wa fasihi. Katika barua za ndugu kwa ndugu, habari za nyumbani na habari za uandishi hukaa chini ya sahihi moja, na ndivyo zilivyokaa katika maisha. Mwenye kuchambua riwaya pasipo kuzisoma barua humwona mwanafalsafa. Mwenye kuzisoma barua humwona pia mtu mwenye jamaa.

Hata hivyo pana kimya kimoja ambacho nyaraka zote hizo hazikivunji. Wanawake walioitunza nyumba ya mwandishi hawakuacha maandishi yao. Usiku wa kuandika hupatikana kwa kuwa mtu mwingine amewalaza watoto, amewasha taa, amepika, na amewaambia wageni kwamba mwenyewe ana kazi. Uhamisho wa karani ulikuwa pia uhamisho wa mkewe, ambaye hakulipwa posho kwa jina lake, wala hakushauriwa. Shaaban Robert mwenyewe hakuwa kipofu wa vipawa vya wanawake. Alimwendea Siti binti Saad, mwimbaji aliyeondoka kijiji cha Fumba akaingia mji wa Unguja, akaandika wasifu wake uliotokea mwaka 1958 katika nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili. Katika kitabu hicho kuhama kwa mwanamke ndiko kunakofungua sanaa yake. Katika nyumba nyingi za makarani wa zama zile kuhama kwa mwanamke hakukufungua kitu ila jiko jipya.

Kulinganisha kidogo kwasaidia. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, mwandishi wa Mzimu wa Watu wa Kale iliyoshinda katika mashindano ya hadithi ya 1957–1958 na kuchapishwa mwaka 1960, naye alikuwa mtu wa mshahara: kwanza mkaguzi wa afya, kisha mhariri, na tangu 1958 mhariri wa Mkulima. Yeye alifanya kazi katika kisiwa kimoja, na riwaya zake zina fumbo refu lililofumwa kwa uangalifu kutoka sura ya kwanza mpaka ya mwisho. Mifano miwili haitoshi kuweka kanuni. Yatosha lakini kuonyesha kwamba swali la makazi ni swali la umbo, wala si porojo za maisha ya watu. Na alipotokea Ndyanao Balisidya na Shida yake mwaka 1975, mwanamke mwenyewe akashika kalamu kusimulia habari za kuhama kutoka kijijini kwenda mjini, jambo lililokuwa limesimuliwa zaidi na wanaume.

Yafaa kutaja Utubora Mkulima, iliyochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo cha mwandishi. Humo mtu mwenye kazi ya mshahara anaiacha, ijapokuwa anabembelezwa abaki, akahamia Busutamu kuishi kwa jembe na kwa amani. Si haki kumfanya mhusika kuwa ndiye mwandishi. Lakini si haba kwamba karani ambaye kwa miaka 34 alihama kwa amri alimbuni mtu anayehama kwa hiari, na makazi mapya yakawa ndiyo utu wenyewe. Mwandishi hakupata Busutamu yake ila kwa muda mfupi, na hata katika miaka yake ya mwisho alijibebesha kazi ya kuchapisha vitabu vyake mwenyewe mjini Tanga.

Utenzi wa Vita vya Uhuru, Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, vyote vilitoka baina ya 1967 na 1968, mwenyewe hayupo. Hii maana yake ni kwamba miswada ilinusurika miaka ya uhamisho, misiba, mvua na mchwa, na baada ya 1962 ilinusurika bila ya mwandishi kuilinda. Palikuwa na masanduku, na palikuwa na watu wa kuyatunza. Kamati ya Lugha yenyewe, ambayo Shaaban Robert alikuwa mjumbe wake, ilihamahama kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, Makerere na Mombasa, ikarudi Dar es Salaam na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964. Na kila iliposafiri, kumbukumbu zake zilitajwa katika taarifa rasmi. Masanduku ya nyumba ya Tanga hayakuwa na taarifa rasmi. Mtafiti atakayeiandika upya historia ya riwaya ya Kiswahili na aanze kwa kuwahesabu wale walioyabeba.